Mshika Simu ya Mzee

Kiongozi wetu yuko uhamishoni, lakini chama bado kinaongozwa na sauti yake kwa simu, na mshika simu hiyo ni mtu mmoja tu. Kabla ya mkutano huifuta simu kwa tai yake. Ikiita, sote husimama; yeye husikiliza, kisha hutupatia maneno. Juzi hapa Kinanira tulingoja neno moja: tuingie uchaguzini au tususe? Simu ikaita, naye akaipokea; mimi niliyekuwa ubavuni mwake niliona kwenye kioo chake mtandao umekatika. Yeye akazidi kuitikia, "Ndiyo Muzee, nasikia muzuri." Akatugeukia. "Muzee anasema tuende." Vigelegele vikatikisa mabati, nami nikapiga makofi kuliko wote. Mtandao ukarudi, simu ikaita tena. Akaitia mfukoni, akaiacha ilie, akaanza kucheza.