Tulioenda Kudai Pesa za Maziwa

Kiwanda cha maziwa kilipofilisika, sisi wafugaji wa Subukia tuliitwa Nakuru, kwenye ukumbi wa kanisa, tukadai pesa zetu. Mimi nilienda kugombana. Mfilisi, kijana wa suti aliyewekwa na korti kugawa kilichobaki, alitueleza foleni: benki kwanza, kisha wafanyakazi, kisha kodi, halafu sisi, kama kutabaki kitu. Kwa sauti yake nilijua hakutabaki.

Mkutano haungefungwa bila maombi, na mzee wa kanisa pale alikuwa mmoja tu, mwenye kiwanda mwenyewe. Aliomba kwa muda mrefu, akatuombea subira, akalia. Mama mmoja aliyekuwa anamdai nyingi kuliko mimi alisimama akasema, "Jameni, huyu ana shida. Kweli tumwache aende nyumbani mikono mitupu?" Kofia ikapitishwa. Ilipofika kwangu watu wote walikuwa wananiangalia, nikatia mia mbili huku nimekasirika kabisa.

Kwenye foleni ya mfilisi, mwenye kiwanda hakuwemo. Siku hiyo ndiye peke yake aliyelipwa.