Kazi ya Kuchomwa Kisu

Mume wangu, Maduhu, alikuwa akilipwa ili achomwe kisu mbele za watu. Nikiulizwa anafanya nini, nilikuwa nasema "yuko kwenye biashara," maana ukisema ukweli watu wanacheka kwanza, halafu wanauliza atakuja lini mnada wa kwao. Kinyaa kilinishika tangu siku ya kwanza na hakijanitoka mpaka leo.

Tulitoka Samuye tukaja Kagongwa, yeye akawa anapakia magunia ya mpunga mashineni. Mtu wa kifua kipana, mpole, mwenye kuongea kidogo. Hapo mashineni ndipo Fredy alipomwona. Fredy ni mtu wa Dar, mwenye viatu vyeupe anavyovifuta kila dakika, alikuwa akizunguka minada ya huku kwenye dhahabu akiuza vizibao vya walinzi vya kuzuia kisu. Alihitaji kifua cha kuonyeshea.

Kizibao chenyewe kilikuwa cha ajabu, siwezi kukataa. Walinzi wa huku walizoea vile vya bamba la chuma, ambavyo kwa jua letu unavivaa asubuhi na ikifika adhuhuri umeshavitundika kwenye uzio. Hiki kilikuwa kitambaa tupu, matabaka mengi membamba ya nyuzi za plastiki, chepesi kiasi kwamba nilikinyanyua kwa kidole. Fredy alisema nyuzi zile hazikubali kukatwa: kisu kikiingia, tabaka la kwanza linakikamata, la pili linakikamata, mpaka nguvu ya mkono inaisha. Kwa hilo hakudanganya. Nilimwona akimchoma mume wangu kule Kahama, akamchoma kule Masumbwe, akamchoma hapa hapa nyumbani, na kisu hakikupita hata mara moja.

Lakini ulikuwa uchafu mtupu. Mtu mzima amesimama mikono nyuma, mwenzake anamdunga huku anaongea kwenye spika. Watu wanatafuna miwa na kupiga makofi, mmoja anapaza sauti, "Mwongeze!" Kuna baba alimnyanyua mtoto wake ili aone vizuri. Kizibao cha maonyesho kilikuwa kimoja tu, hakifuliwi, kimenyonya jasho la minada yote, na Maduhu akikivua kilinuka kama samaki waliosahauliwa kwenye mfuko. Chini yake kifua kilikuwa na mabaka meusi na ya njano, maana kisu hakipiti lakini pigo linapita. Nilikuwa namkanda kwa maji ya moto nimegeuza uso.

"Acha kazi hii, Baba Sikujua," nilimwambia Maduhu.

"Nikabebe tena magunia? Mgongo wenyewe umekwisha."

Siku moja ganda la nje lilichanika, Fredy akaniletea nilishone. Nilichukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Katikati ya kushona mkono ukateleza. Shazia ikazama matabaka yote ikatokea upande wa pili, laini, bila hata kusukuma sana. Nikajaribu sehemu nyingine, ikapita. Kisu kina makali na kinataka kukata, ndiyo maana nyuzi zinakikamata. Ncha ya shazia haikati kitu. Inazisogeza nyuzi pembeni na kujipitia katikati.

Nilimwonyesha Fredy. Hakushtuka hata kidogo.

"Hiki ni cha kisu, Mama Sikujua. Vya kuzuia ncha vipo, ila ni ghali, na huku hakuna atakayenunua." Akacheka. "Au umeshamwona mwizi anakuja na shazia?"

Alikuwa anajua siku zote. Nilirudi nikamweleza Maduhu. Alikitazama kile kitundu, na mnada uliofuata akakivaa kizibao kile kile.

Mnada huo ulikuwa hapa Kagongwa. Alikuja mzee Mwigulu, mwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huko Masumbwe, akitafuta vizibao vya walinzi wake. Fredy akamdunga mume wangu kama kawaida, makofi yakalia. Mzee Mwigulu hakupiga makofi. Alikwenda kwenye gari lake akarudi na moko, kile chuma wachimbaji wanachochorongea mwamba, kifupi, ncha imenolewa mpaka inang'aa.

"Wanaokuja kwangu hawabebi kisu," alisema. "Wanabeba hii. Nijaribu?"

Nilimtazama Fredy. Aliinama akakifuta kiatu kimoja. Kisha akatabasamu, mnafiki yule.

"Jaribu, mzee wangu. Hakuna shida."

"Mayu wane! Mama yangu!" nilipiga kelele, lakini spika ilinizidi. Maduhu alifungua vishikizo kimoja kimoja, akakivua kizibao, akamnyooshea Fredy.

"Vaa wewe, bosi."

Watu wakaangua kicheko. Fredy naye akacheka, akarudi nyuma, mikono mifukoni. Hakukigusa. Mzee Mwigulu akakichukua, akakitandika juu ya gunia la mpunga, akaikita moko kwa nguvu. Ilizama mpaka ngumi yake ikagusa kitambaa. Alipoichomoa, mpunga ukamwagika chini.

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani atamtukana Fredy na kuondoka zake. Mzee akafuta moko kwa leso, taratibu.

"Punguza bei," akasema. "Nachukua vyote."

"Vyote?" Fredy mwenyewe hakuamini.

"Mwizi akiona mlinzi amevaa, ataogopa. Atajuaje kilichomo ndani?"

"Na mlinzi je?" niliuliza.

Mzee alimgeukia mume wangu, akampima kwa macho kuanzia mabegani mpaka kiunoni, kama anavyopimwa ng'ombe.

"Wewe hapa kazi umeshaipoteza. Njoo ulinde kwangu. Kuvaa umeshazoea."

Nilitema mate mbele ya viatu vya mzee, nikamshika Maduhu mkono tuondoke. Hakusogea.

"Nianze lini, mzee?" aliuliza.

"Baba Sikujua! Si umekivua mwenyewe sasa hivi? Hukuona mpunga ulivyomwagika?"

"Nimeona," alisema, akikiokota kizibao na kukikung'uta vumbi. "Lakini kule si kila siku nitachomwa."