Kidimbwi cha Nyuma ya Machimbo

Msaga nafaka tuliyemwita Mvi alikuwa na kanuni moja kuhusu siku yake ya mapumziko: alikwenda kidimbwini peke yake, na hakumruhusu mtu kufuatana naye, hata mke aliyemzalia watoto wanne.

Jina hilo alipewa na wateja akiwa kijana, kwa sababu unga ulimkaa kichwani mpaka akaonekana babu wa watu kabla hajaoa. Mvi za kweli zilipoota, hakuna aliyegundua tofauti. Alifanya kazi katika chumba kimoja chenye dirisha lisilo na kioo, na kuta zake zilikuwa nyeupe kwa unga, si kwa rangi ya dukani. Mashine ilisimama katikati. Mvi alimimina mahindi juu, kwenye mdomo wa mashine. Mkewe alikaa chini upande wa pili, ameshika mfuko mrefu wa kitambaa uliofungwa penye tundu la kutolea unga, akiukung'uta na kuwajazia watu vyombo vyao. Baina yao palikuwa na ngurumo ambayo mtu akishinda nayo kutwa, huondoka nayo kifuani.

Ndani ya ngurumo hiyo Mvi alifanya kazi kwa sikio. Mashine ikikosa nafaka, sauti ilipanda. Ikilishwa kupita kiasi, iliguna. Msumari au jiwe likipenya, kulitokea mlio mdogo wa kugonga, na Mvi alikuwa ameshazima swichi kabla mwenye gunia hajajua kuna nini. Fundi wa umeme aliyekuwa akimtengenezea mota alimshauri mara nyingi azibe masikio kwa pamba.

"Nikiziba, mashine nitaisikia kwa nini? Kwa pua?" Mvi alimuuliza.

"Utakuja kuwa kiziwi, mzee wangu."

"Kiziwi ni asiyesikia la mkuu. Na guu langu bado zima, tazama."

Watu walicheka, na fundi akafunga mkoba wake.

Nyuma ya machimbo ya mawe yaliyoachwa, mwendo ambao mtu huumaliza kabla hajamaliza kutafuna muwa mmoja, kuna bonde dogo. Wengi wetu tulipita juu yake kwenda kutafuta kuni bila kutazama chini. Maji hutoka kwenye ufa wa mwamba, huteremka kama uzi, kisha huangukia kidimbwi kisichozidi chumba cha kulala kwa ukubwa. Kerengende wekundu husimama hewani juu yake kana kwamba wametundikwa. Ukingoni kuna jiwe lenye mgongo bapa, na hapo ndipo Mvi alipokaa, viatu kando, bila redio, bila ndoano, bila chakula. Alikuwa akiyasikiliza yale maji. Alisema kelele za wiki nzima huzama polepole kichwani mwake kama unga unavyotua sakafuni mashine ikizimwa, na jioni huamka mtu mwingine.

Mkewe aliligeuza jambo hilo kuwa mzaha. Kila alipomwona anapapasa kofia msumarini, alimwambia, "Msalimie mke mwenzangu."

"Salamu zimefika," Mvi alijibu.

Siku moja hakumpa salamu. Alisimama mlangoni na kanga begani. "Baba watoto, leo na mimi nimechoka. Nipeleke."

"Ukija wewe, na maneno yatakuja."

"Nitanyamaza."

"Wewe? Wewe hata usingizini unaitikia salamu!"

Mama yule alicheka kweli. Kisha akaacha kucheka. "Lakini ngurumo ile tunashinda nayo wote wawili," alisema.

Mvi alivaa kofia yake akaondoka.

Sina ugomvi na mtu anayetaka kukaa peke yake. Nafsi nayo ina haki ya kupumua, na maji, miti na jiwe la kukalia havikuumbwa kwa ajili ya kuni na kokoto tu. Lakini mtu akipata pumziko jema, akamnyima mwenzake anayebeba mzigo uleule, pumziko hilo limeshaingia doa. Tena anayekwenda peke yake daima hana shahidi. Atakalorudi nalo mdomoni ndilo litakaloaminiwa.

Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kirefu. Visima vilipungua, na mbuzi waliingia majikoni kulamba sufuria. Mvi aliteremka bondeni siku yake ya mapumziko akakuta kimya. Alisimama katikati ya njia. Hakukuwa na mlio wa maji, si mkubwa si mdogo, na akajiambia kwamba chemchemi imekufa. Aliteremka polepole kama mtu anayeingia nyumba ya msiba, akafika kwenye mwamba ili auone ufa ulivyokauka.

Ufa haukuwa umekauka. Maji yalikuwa yakishuka kama yalivyoshuka miaka yote, yakipasua uso wa kidimbwi, na viduara vikitanuka mpaka miguuni pake. Mvi aliyakinga kwa mkono, yakampiga kiganjani. Aliinamisha kichwa hadi shavu likalowa, na hapo tu akasikia kitu, hafifu, kama mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta. Chura alijitupa majini. Aliyaona matone yakiruka, lakini sauti haikuja.

Alikaa juu ya jiwe lake mpaka kivuli cha mwamba kikamfunika. Alijua maana ya jambo lile. Msaga nafaka asiyesikia maji yakianguka hatasikia msumari ukigonga.

Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa akichambua mboga kizingitini. "Mke mwenzangu hajambo?" aliuliza, na Mvi akamtazama midomo.

"Hajambo."

"Na kiangazi chote hiki? Bado anaongea?"

"Anaongea sana," alisema Mvi, akapita ndani.

Huo ndio uongo wenyewe, mfupi hivyo, wala hakuusema kwa kupenda uongo. Aliusema kwa sababu mashine ndiyo iliyomfanya awe mtu mbele ya watu. Alijipa moyo kwamba mtikisiko wa sakafu anausikia kwa nyayo, na kweli aliusikia. Kwa nyayo alijua mashine inapokosa nafaka na inapozidiwa. Mlio mdogo wa kugonga haufiki nyayoni.

Ishara zilikuwepo. Muuza sabuni, mteja wake wa siku nyingi, aliomba asagiwe laini akasagiwa chenga.

"Mvi, nimesema laini!"

"Makelele haya, dada yangu."

"Makelele gani? Mashine si umeizima?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Mtu mmoja akasema siku hizi Mvi hujibu maswali ya kesho. Naye alicheka pamoja nasi, akichelewa kidogo, baada ya kutuona tumefungua midomo. Nyumbani mkewe alimuuliza mara tatu kama amekula. Alipomgusa bega, Mvi aligutuka akasema alikuwa anawaza. Mama yule alidhani ni uchovu. Kwa hiyo, siku ya mapumziko ilipofika, ni yeye mwenyewe aliyemhimiza: "Nenda kwa mwenzangu ukapumzike, baba." Mvi alikwenda, akakaa juu ya jiwe, akayatazama maji yasiyomwambia kitu, akarudi na kusema kwamba amepumzika.

Kama mkewe angekuwa juu ya jiwe lile hata mara moja, siri isingefika jioni. Angesema, "Sikia yanavyoanguka," na jibu lingemkosa Mvi pale pale, penye utulivu, bila mtu kuumia.

Mavuno yalipoingia, foleni ilitoka mlangoni hadi barabarani. Mtu mmoja alileta mahindi aliyoyazoa sakafuni mwa banda lake, na ndani yake mlikuwa na boliti. Mvi alimimina. Sisi tuliokuwa karibu na mlango tuliisikia: ta, ta, ta, ndani ya ngurumo.

"Inagonga!" muuza sabuni alipiga kelele. "Mvi, zima! Inagonga!"

Mkewe naye aliisikia. Tulimwona akiinua kichwa. Lakini miaka yote Mvi alikuwa akisikia kabla yake, na mkono wake ulikuwa ukifika kwenye swichi kabla yeye hajamaliza kushtuka. Basi mama yule alifanya alichozoea kufanya mashine inapokaribia kuzimwa: aliinama karibu na tundu ili aufungue mfuko wa unga. Mvi alikuwa amempa mgongo, anainua karai jingine. Chekeche la chuma lililo ndani ya mashine lilipasuka, na kipande cha boliti kikatoboa kitambaa.

Aliyezima swichi ni muuza sabuni.

Hospitalini Mvi alikaa kwenye benchi kando ya kitanda, unga ukiwa bado nyusini. Mkewe alikuwa amefungwa bendeji nusu ya uso. Alimwambia jambo kwa sauti ya kawaida, na Mvi akaendelea kutazama sakafu. Akarudia. Kisha akasema kwa nguvu mpaka wagonjwa wengine wakageuka:

"Baba watoto! Tangu lini?"

Mvi aliinua kichwa. "Tangu kiangazi."

"Siku ile niliyokuuliza kama bado anaongea?"

"Siku ile."

"Ukaniambia anaongea sana."

"Nilikwambia hivyo."

Mama yule aligusa bendeji yake. "Mimi niliinama," alisema hatimaye, "kwa sababu nilijua umesikia."

Sasa mashine inaendeshwa na shemeji yake Mvi, mdogo wa huyo mama. Ameweka pamba kwenye kopo mlangoni, na mbele ya mdomo wa mashine amefunga wavu wa kuzuia vyuma. Fundi wa umeme ndiye aliyemchagulia. Mvi anafagia na kufunga magunia. Ukitaka kusema naye, unasimama mbele yake.

Jeraha lilipopona, mkewe alimkuta siku ya mapumziko amekaa tu uani. Kofia ilikuwa msumarini. Alikuwa hajaigusa tangu siku ya boliti. Mama yule alisimama mbele yake amevaa viatu.

"Simama. Twende."

"Wapi?"

"Kwa mke mwenzangu. Nikamwone kwa hili lililobaki."

Waliteremka pamoja, mume mbele akimwonyesha pa kukanyaga. Mkewe alikaa juu ya jiwe bapa, na Mvi akabaki amesimama, kwa kuwa nafasi ni ya mtu mmoja. Mkewe aliutegea ufa sikio. Kisha Mvi akauliza, "Yanasikika?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Yakoje?"

Mke aligeuka kabisa, kwa sababu Mvi alikuwa upande wake wa giza. "Mazuri," alisema. Mvi hakusikia. Ikabidi apaze sauti, na sauti ikagonga mwamba, na kerengende wote wakatawanyika: "Mazuri! Nasema ni mazuri!"

Wapo wanaosema ile ilikuwa ajali, na kwamba asiyejua kesho yake asilaumiwe. Boliti ilikuwa ajali. Kwenda peke yake, kurudi na uongo na kuuacha uaminiwe wiki baada ya wiki haikuwa ajali. Mvi aliitunza kanuni yake bila kuivunja hata mara moja mpaka siku ya boliti, na gharama yake ni jicho la kushoto la mkewe.