Wasichoke Kuomba

Nina hasira, na mnisikilize kabla ya kunicheka. Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii hapa Makongeni. Chuoni mwalimu alituambia, "Chombo chako cha kwanza cha kazi ni wewe mwenyewe." Nami, mjinga, nikaamini.

Basi akaja ofisini Mzee Wafula, fundi wa reli, amegombana na mkewe lakini hataki kuzungumza. Nikakumbuka maneno ya mwalimu, nikatoa mfano wangu mwenyewe. "Mzee wangu, hata mimi mke wangu akikasirika hunifukuza chumbani. Juzijuzi nililala kwenye kochi siku nne." Akacheka, akafunguka, akaenda kupatana na mkewe. Nikajiona bingwa!

Siri zake nilizifungia kabatini kwa kufuli. Zangu je? Nani alimwapisha Wafula asizitoe?

Jumapili kanisani akasimama kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe! Mimi na mama watoto tumepatana. Sasa tumwombee afisa wetu yule pale, maana yeye hulala kwenye kochi."

Kanisa zima likageuka. Mke wangu, mwenyekiti wa akina mama, aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akaninong'oneza:

"Waambie wasichoke kuomba."