Minto Walivyomtoa Bahati kwa Mpira

Enzi zetu pale Minto, huku Australia... Usicheke, hata mtu wa miaka ishirini na kitu ana enzi zake. Enzi zetu kiwanja cha basketi kilikuwa lami iliyopasuka nyuma ya nyumba za serikali, ringi haina wavu, jua la Januari linachoma mpaka kandambili zinanata chini. Siku hizi watoto wana ukumbi wenye feni, na mtu akiteleza kidogo anakimbiziwa barafu. Sisi dawa yetu ilikuwa mate na kuambiwa, "Inuka, usituharibie mchezo."

Jumamosi baada ya kwaya zilikuwa timu mbili: Minto, na sisi wa Campbelltown, mtaa jirani. Wote Wakongo. Makanisa mawili, Mungu mmoja, refa hakuna. Tukimaliza, mama yangu anafika na chungu cha sombe, yale majani ya muhogo, na bugali, tunanawa kwa maji ya chupa, tunakula tukitukanana.

Minto walikuwa na Bahati. Mrefu, mpole, anachukua mpira juu ya ringi kama mtu anayetoa sahani kabatini. Aliishi na shangazi yake ng'ambo ya barabara, mkabala na kiwanja. Wazazi wake vita iliwachukua, na kambini alipitishwa nyumba hii, nyumba ile, huyu akichoka anampa yule, mpaka shangazi akaja naye Australia. Tulijua hayo yote. Kila nyumba yetu ilikuwa na mtu wa hivyo, hatukuona ajabu.

Sasa Eliya, kapiteni wa Minto, akaanza kutazama ligi ya Amerika kwenye simu ya kaka yake. Akajifunza tredi: unatoa mchezaji wako, unapewa wa wenzako. Na Jonas, kapiteni wetu, alikuwa na mpira mpya. Wakakaa kama wazee wanaopanga mahari.

"Nipe Bahati," Jonas akasema.

"Kwa mpira tu? Bahati huyu huyu, kaka?"

"Basi chukua na huyu."

Huyu ndiyo mimi. Nilikuwa ile nyanya ya mwisho, iliyobonyea, mama wa sokoni anakuongezea bure.

Wiki nzima shuleni hatukusoma. Nani kapata, nani kapigwa? Wengine wakasema Campbelltown wameiba mchana kweupe. Wengine wakasema Bahati atakua aondoke, mpira utabaki. Kunitaja mimi, hakuna. Hata mama alishangaa: "Wamekukubali kweli? Mungu awabariki."

Bahati aliambiwa na Eliya, "Wewe sasa ni wa Campbelltown." Akajibu, "Sawa."

Jumamosi akavuka barabara na begi. Blanketi, shati la shule, mswaki. Akaenda moja kwa moja kwa Jonas.

"Nitalala kwenu, ama kwa nani?"

Tulicheka mpaka tukashika magoti.

"Kaka, ni basketi tu. Unalala kwenu."

"Nimeshaaga."

"Shangazi alisemaje?"

"Alikuwa ametoka kazi ya usiku, kule anakotunza wazee. Amesema sawa, nikawe na adabu."

Kicheko kikakatika. Eliya akamrushia Jonas mpira wake, akasema tredi imekufa. Haikusaidia. Bahati akakaa juu ya begi. Kwetu ukishaaga nyumba ya watu, hurudi kugonga kama mtu aliyesahau kofia. Mama alipofika na chungu tukamweleza. Akamshika Bahati mkono, akamvusha. Shangazi akafungua, akatazama begi. Akasogea tu, Bahati apite.

Bahati hakucheza tena, kwao wala kwetu. Kabla mwaka haujaisha akapelekwa Adelaide, kwa mjomba. Hata kutuaga hakutuaga.

Juzi huko Amerika wamebadilishana manyota, grupu letu la simu likawaka. Wadogo zetu wanaleta michoro na mahesabu, wanajua goti la mchezaji wa Amerika linauma upande gani, jirani yao hawamjui jina. Sisi tulijuana mpaka chungu cha kila nyumba. Tulijuana, na bado tukamtoa Bahati.

Katikati ya ubishi Eliya akaandika: "Nani ana namba ya Bahati?"

Wote tukasoma. Halafu kijana mmoja akatuma picha ya nyota ameshika jezi mpya, anatabasamu, na ubishi ukaendelea: nani kapata, nani kapigwa.