Sasa ya Mmarekani

Leo nimeujaza upepo mpira mpya wa kikapu wa binti yangu, na ile harufu ya raba ikanirudisha kwenye uwanja wa saruji nyuma ya nyumba zetu, Eastlands.

Timu ya mtaa ilikuwa na Mmarekani mmoja, mrefu kama mlingoti, aliyekwisha kucheza ligi za Italia na Uturuki kabla ya kutufikia. Kiswahili alijifunza kwa kamusi. Watoto tukimsalimia "Sasa!" alitazama saa yake tu, akaharakisha.

Siku ya fainali nilichelewa kwa sababu mama alikuwa akinisuka. Nilitoroka nusu ya nywele zikiwa zimesimama. Nilipofika uwanjani zilibaki sekunde chache, tulikuwa nyuma kwa pointi moja, naye Mmarekani yuko pembeni karibu nami, mpira mkononi, akitafuta wa kumpa. Mimi nikakumbuka adabu.

"Sasa!"

Akaruka palepale, akaurusha. Mpira ukapita kwenye ringi bila kuigusa, kipenga kikalia, mtaa mzima ukamwagika uwanjani.

Aliniinua juu ya vichwa vyote, viganja vyake vikinuka raba.

"Asante, kocha!"

Nikaitikia kwa kichwa, kama kocha. Sikumwambia nilikuwa namsalimia tu.