Albamu ya Wageni

Kutoka Songea hadi Bukoba nilisafiri siku nne. Nililala Iringa, nikalala Dodoma, nikalala Kahama, gitaa nimelipakata kama mtoto mwenye homa. Nilikuwa nimepita miaka arobaini na sauti yangu haijawahi kusikika kwenye albamu ya mtu yeyote. Fundi mmoja wa kuchomelea mageti, wa mtaa wa Kashai mjini Bukoba, alikuwa ametangaza mtandaoni kwamba anatengeneza albamu ya roki ya vyuma na mashine, na yeyote anakaribishwa. Aliniahidi wimbo mmoja. Nilitaka huo mmoja tu.

Karakana yake ndiyo ilikuwa studio. Aliniketisha, akanipa kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyopokewa huko, kisha nikaimba huku yeye akikata bomba kwa grenda. Niliimba vibaya, vumbi la safari lilikuwa bado kooni.

“Waitu, ndugu yangu, hapo hapo!” akasema. “Hatubadilishi kitu.”

Nikadhani ana sikio la muziki. Kumbe alikuwa na adabu tu.

Adabu hiyo ndiyo iliyoendesha kazi. Mgeni hakosolewi, na karibu albamu nzima ilipigwa na wageni. Kila wiki hawa wanakuja, wale wanaondoka. Mchuuzi wa dagaa kutoka visiwa vya Muleba alileta injini ya boti, akaiacha ingurume mpaka mafuta yakaisha. “Safi, mzee!” Mwalimu wa kwaya wa Ijumbi alipiga pipa kwa mwendo wa misa ya maziko. “Safi sana, mwalimu!” Mkulima wa Ngenge alikuja kuchukua geti lake. Akashikishwa nyundo, akagonga mara tatu, akauliza, “Na geti langu je?” Swali hilo limo kwenye wimbo wa nne, na ndiyo mashairi bora ya albamu nzima.

Wageni wakazidi, nafasi ikaisha. Ikabidi vipande vya wenyeji vipunguzwe. Mimi nilikuwa nimemaliza miezi kumi mjini nikiisubiri albamu, nimepanga chumba, nauziwa ndizi kwa bei ya kawaida.

Siku ya kuisikiliza albamu niliungoja wimbo wangu. Ukaja: grenda, injini, pipa. Mimi simo.

“Nimekutoa, kaka,” akasema. “Yule wa injini katoka mbali. Ningemwambia nini?”

“Kwani Songea ni hapo jirani?”

“Wewe ni mwenyeji sasa. Na ukweli ni kwamba uliimba vibaya.”

Miezi kumi ya sifa, na ukweli nikaupata baada ya kuwa mwenyeji.

“Basi niimbe upya kesho.”

“Kesho haiwezekani. Kuna mgeni wa Karagwe, anakuja na mashine ya kukoboa kahawa.”

Asubuhi nikabeba gitaa hadi stendi. Alinisindikiza, akanibebea begi, akaninunulia maji na karanga.

“Ukirudi utakuwa mgeni tena,” akaniambia dirishani, kwa upole kabisa. “Siku hiyo utaimba vizuri.”

Nilimwamini: kwake mgeni haimbi vibaya. Ndiyo maana sijarudi.